Kukonda na Kupunguza

Kabla sijaanza kisa hiki yanipasa kutaja mahali nilipo, maana Uganda ina Ibanda zaidi ya moja. Ibanda yangu si ile ya Ankole yenye wilaya yake. Ni hii ndogo ya wilaya ya Kasese, chini ya milima ya Rwenzori, katika bonde la mto Mubuku, njiani kwenda Nyakalengija ambako wageni huanzia safari yao ya kuifuata theluji. Hapa nimefundisha Kiswahili kwa miaka 24, nikila, nikilala, na nikinenepa.

Kisa chenyewe ni cha tumbo langu. Natambua kwamba kurasa hizi aghalabu hujadili ngeli na methali, wala si matumbo ya walimu. Walakini naomba mnivumilie, kwa kuwa kisa kimenifunza jambo juu ya vitenzi viwili ambavyo kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikivifundisha bila kuvifikiri.

Nilikuwa mtu wa kimo cha kawaida na mwili wa kawaida hadi Machi 2020, shule za Uganda zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO. Zilifunguliwa kikamilifu Januari 2022, na katika muda huo wa karibu miaka miwili walimu wengi walishika majembe, wengine wakafyatua matofali, wengine wakaendesha pikipiki. Mimi nilifungua duka mbele ya nyumba. Nilikuwa nimezoea kwenda shuleni kwa miguu asubuhi na kurudi jioni. Sasa hatua zangu zikawa kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha duka, na kutoka kiti cha duka hadi mezani. Niliuza mandazi, soda na sukari, na yaliyobaki jioni sikuyaacha yalale. Niliporejea darasani wanafunzi walinipokea kwa shangwe. "Mwalimu umenawiri!" walisema, nami nikawasahihisha matamshi huku nikifurahi.

Mwaka 2018 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walichapisha utafiti uliolinganisha nchi 168, wakitafuta ni watu wangapi katika kila nchi wasiotumia miili yao vya kutosha. Uganda ilikuwa ya mwisho katika orodha hiyo ya uvivu: watu kama 5.5 tu katika kila 100. Niliwasomea wanafunzi habari hiyo kwa majivuno, nikaifanya zoezi la ufahamu. Sikujua kwamba nilikuwa njiani kujiunga na hao watano na nusu.

Agosti 2022 nilikwenda Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, kumtembelea dada yangu mdogo. Usiku ule niliamka mara sita kwenda haja ndogo, na kila mara nilikunywa maji kama ng'ombe aliyetoka machungani. Dada aliyasikia yote kupitia ukuta. Asubuhi hakunipa hata chai; alinishika mkono kama mtoto, tukaenda hospitalini. Nilichomwa kidole. Kipimo cha sukari kabla ya kula kikiwa 7 au zaidi huhesabiwa kuwa kisukari; changu kilikuwa 11.2, na kilipopimwa tena siku ya pili hakikushuka hata chini ya 11. Shinikizo la damu nalo lilikuwa juu. Nilipanda mizani: kilo 104, kwa mtu wa kimo cha sentimita 168.

Tabibu alikuwa kijana wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani. Aliniambia kwamba sukari ikiachwa hivyo hula macho, figo na miguu, akaniandikia vidonge vya metformini viwili kwa siku, kisha akasema, "Na upunguze uzito, mzee." Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu, hakuweza kuongeza neno. Katika basi la kurudi, kupitia Kikorongo, nililirudia neno lile: upunguze. Kwa nani? Kwa vipi? Na nikipunguza, nitasema nini kwa watu?

Swali hilo la mwisho huenda likawashangaza wasomaji wa mbali, kwa hiyo nilieleze. Mtu akikonda kwetu hapewi hongera. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maradhi mapya yalizuka katika wilaya ya Rakai, kusini mwa nchi, na kwa kuwa wagonjwa walinyauka hadi mifupa kuonekana, watu waliyaita silimu, jina ambalo madaktari wenyewe walilipeleka katika jarida la London mwaka 1985. Mimi nilikuwa kijana wakati UKIMWI ulipopita nyumba kwa nyumba. Tuliwaona walimu wetu wakipungua ndani ya makoti yao muhula kwa muhula, tukajifunza kusoma mashavu ya watu kabla hatujajifunza kusoma magazeti. Jicho hilo halijafumbwa mpaka leo. Mwanamume akinenepa husemwa kwamba mkewe anamtunza. Akikonda huulizwa mambo mawili, na yote mawili huulizwa nyuma ya mgongo wake: ameyatoa wapi maradhi, au je, mkewe hampi chakula?

Mke wangu alipolisikia agizo la tabibu alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Baba watoto, wewe utakonda, na mimi ndiye nitakayesemwa." Hata hivyo kesho yake alikata ugali wa muhogo kwa ukubwa wa ngumi moja, akajaza sahani kwa dodo na maharagwe. Sombe aliipika kwa mawese kidogo mno, hata nikadhani chupa imekwisha. (Nasema sombe, ninyi wa pwani semeni kisamvu, mboga ni ile ile.) Chai ya nyumbani haikuwa taabu. Taabu ilikuwa chai ya saa nne shuleni, ambayo huchemshwa katika sufuria moja pamoja na maziwa na sukari yake, ikaja mezani ikiwa tamu tayari. Nilimwomba mpishi anitengee kikombe kabla hajatia sukari. Alinitazama kwa huruma kubwa, akaniuliza kama nimefiwa.

Miezi mitatu ya kwanza nilipunguza kilo 5 peke yangu. Krismasi ikaja, wageni wakaja, mbuzi akachinjwa, na kufikia katikati ya Januari 2023 kilo 4 zilikuwa zimerudi. Nami nilikuwa nimechoka kujificha. Ndipo nilipokutana na watu wa benchi.

Kituo chetu cha afya kina siku moja katika mwezi ya wagonjwa wa sukari na shinikizo la damu. Mnakaa kwenye benchi ndefu tangu alfajiri, hamjala, mkisubiri kuchomwa vidole. Siku hiyo tulikuwa wanne mwishoni mwa benchi. Kulikuwa na mama mmoja mnunuzi wa kahawa, mwenye mwili kama wangu. Askari polisi mwenye asili ya Gulu. Na mzee mmoja aliyekuwa mpagazi wa wapanda milima, mwembamba kama fimbo. Askari hajui Lukonzo, mimi sijui Kiacholi, mama alikuwa amezoea kufanya biashara na Wakongo, na mzee alikipata Kiswahili kwa baba yake aliyechimba shaba Kilembe, mgodi uliofunguliwa 1956 ukasimama 1982. Kwa hiyo benchi ile ilizungumza Kiswahili. Watu wengi wa Uganda hukiona Kiswahili kuwa lugha ya amri na vitisho, kwa yale waliyotendewa na watu wenye bunduki. Hapa palikuwa na polisi akikitumia kuuliza, kwa sauti ya chini, kama vidole vya miguu vya wenzake navyo hufa ganzi usiku.

Nilimwuliza mzee imekuwaje yeye, bila tumbo, awe na sukari. Alijibu kwamba hata daktari alishangaa. Kumbe wagonjwa wembamba wa kisukari si wachache katika nchi yetu, na unene si mlango pekee wa maradhi haya. Kisha alinikagua kuanzia shingoni hadi mshipini, kwa jicho la mtu aliyekadiria mizigo maisha yake yote.

"Mwalimu," alisema, "mimi nilipandisha mizigo ya wageni mpaka Bujuku, nikalipwa. Wewe umebeba kilo thelathini, huzitui mchana wala usiku. Nani anakulipa?"

Benchi zima likacheka, nami nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu Bwera.

Tulipatana kutembea pamoja. Askari ndiye aliyetuamsha. Saa kumi na moja na nusu alfajiri hugonga dirisha kwa namna ambayo mtu hukumbuka makosa yake yote. Tulifuata barabara ya Nyakalengija, mto ukinguruma upande mmoja na kahawa za watu upande mwingine, mzee akiwa mbele, mikono nyuma, asihemi. Mama alikuwa wa mwisho, mimi wa mwisho pamoja naye. Wiki ya kwanza hatukufika hata nusu ya njia. Sisemi kwamba tulipenda. Kuna asubuhi mvua ilinyesha tangu usiku nikaomba Mungu askari naye awe amelala, lakini hakulala.

Jumamosi tulipimwa. Mizani ilikuwa ya mama, ile anayopimia magunia ya kahawa, na wenyeji wa Rwenzori wanajua uhusiano wa mkulima na mizani ya mnunuzi: hakuna mkulima asiyeamini kwamba inamwibia kilo mbili. Sisi tulikuwa watu wa kwanza kupanda mizani ile tukiomba ituibie. Mama aliandika uzito wetu katika daftari lake la biashara, kila mmoja na ukurasa wake, baina ya wakulima.

Sitaki msomaji afikiri kwamba matembezi ndiyo yaliyofanya kazi yote. Chakula kilifanya kubwa zaidi, na vidonge sikuviacha hata siku moja. Lakini niliyoyasoma baadaye yalinipa moyo. Huko Uingereza, katika Uskoti na eneo la Tyneside, watafiti waliwachukua watu waliopata kisukari ndani ya miaka 6 iliyotangulia, wakawalisha kwa miezi michache vinywaji maalumu vyenye nguvu ndogo, kisha wakawarudisha kwenye chakula polepole, wakiwa na muuguzi au mtaalamu wa lishe wa kuwafuatilia. Matokeo yalichapishwa Desemba 2017. Baada ya mwaka mmoja karibu nusu yao walikuwa wametoka katika kiwango cha kisukari bila dawa. Na kati ya wale waliopunguza kilo 15 au zaidi, zaidi ya 8 katika kila 10. Maelezo yao ni kwamba mafuta hujaa katika ini na kongosho, na kongosho likishatuliwa mzigo huo huweza kuanza tena kutoa insulini. Wao walikuwa na vinywaji maalumu. Sisi tulikuwa na dodo. Lakini jambo moja lilikuwa sawa: hakuna aliyeachwa peke yake na mizani.

Na elimu hii kwa sehemu ilianzia kwetu. Daktari Hugh Trowell, aliyetibu na kufundisha Mulago, Kampala, kwa miaka mingi kabla ya uhuru, alipata jina kwanza kwa kazi yake juu ya kwashakoo, maradhi ya watoto wanaokosa lishe. Kitabu chake na wenzake kilitoka 1954. Mwaka 1960 alitoa kingine juu ya maradhi yasiyoambukiza katika Afrika, kikionyesha jinsi maradhi mengi yaliyojaa Ulaya yalivyokuwa haba kwa wenyeji. Baadaye yeye na Denis Burkitt, aliyekuwa daktari mpasuaji katika Mulago hiyo hiyo, walihariri kitabu cha 1975 wakidai kwamba unga uliokobolewa na sukari iliyosafishwa ndiyo shina la maradhi hayo. Si yote waliyosema yamethibitika. Hata hivyo hunijia hamu ya kumwonyesha Daktari Trowell duka langu la 2021, lenye soda upande huu na mandazi upande ule, ili aone wanafunzi wake walikofika.

Kufikia Desemba 2023 nilikuwa na kilo 88. Suruali zangu nilizifunga kwa kamba. Sukari ya asubuhi ilikuwa 6.4, na tabibu alinipunguzia vidonge, kimoja kwa siku badala ya viwili. Ndipo lile nililoliogopa likafika.

Kwanza ilikuwa minong'ono ya ofisi ya walimu, nikaipuuza. Kisha shemeji yangu mkubwa alikuja kutoka Bwera bila taarifa, akakaa, akamtazama dada yake, akanitazama mimi, akakataa chakula. Mke wangu alinishika tukaenda kupima virusi wote wawili, hatukuwa navyo. Lakini karatasi ya hospitali huwezi kuitundika mlangoni. Na hata tungekuwa navyo, ingekuwaje? Uganda ilianza kugawa dawa za kufubaza virusi bila malipo mwaka 2004, na wengi wanaozimeza wana mashavu mazuri kuliko yangu.

Januari 2024 niliomba mkopo katika kikundi cha akiba cha kijiji, shilingi milioni 1 na nusu, karo ya binti yangu wa chuo. Nimekuwa mwanachama tangu kilipoanzishwa, sijawahi kuchelewa kulipa. Kikao kilikuwa chini ya mwembe. Ombi langu liliposomwa watu walitazama chini. Mwishowe mtu mmoja, ambaye ni rafiki yangu na bado ni rafiki yangu, alisema kwa upole, "Mwalimu, tatizo si kukukopesha. Tatizo ni nani atakayelipa."

Mke wangu alikuwa amekaa upande wa wanawake. Aliinamisha kichwa.

Mimi, ambaye kazi yangu ni maneno, sikupata neno. Nilifikiri juu ya mazungumzo ninayoandika ubaoni kila mwaka kwa kidato cha kwanza: "Mbona umekonda? Nilikuwa mgonjwa. Pole sana." Miaka 24 ya "pole sana". Nilikuwa nimewafundisha mwenyewe, na baadhi yao walikuwa wamekaa pale chini ya mwembe.

Aliyesimama ni mama wa kahawa. Ni lazima mjue alichokuwa akikitoa. Wakulima humwachia mazao yao kwa ahadi, wakilipwa akishauza. Biashara yake yote imesimama juu ya imani kwamba atakuwepo mwisho wa msimu. Ugonjwa wake ulijulikana na watu wa benchi tu. Hata wakwe zake hawakujua. Alisema, "Mimi nina sukari. Huyu ana sukari. Tunatembea alfajiri, mmetuona, mkadhani tunakwenda kwa mganga. Huyu hakondi, anapunguza. Daftari ninalo." Akalifungua mfuko wake, akawasomea: Jumamosi hii kilo ngapi, Jumamosi ile ngapi, Januari hadi Desemba, kama asomavyo hesabu za kahawa. Mzee mpagazi, ambaye si mwanachama, alisimama nyuma na kusema, "Hata mimi." Askari hakuwapo; alikuwa amepewa uhamisho Novemba, na siku hizi hutupigia simu alfajiri badala ya kugonga dirisha.

Hakondi, anapunguza. Nimelitafakari tamko lile kuliko vitabu vingi vya sarufi. Kukonda hakuhitaji yambwa. Mtu hukonda kama jani linavyonyauka, na tukitaka kutaja sababu tunaitafuta nje yake: maradhi yamemkondesha, mawazo yamemkondesha. Lakini kupunguza ni kauli ya kutendesha. Kuna mtenda anayejua atendalo, na mara moja msikilizaji hudai kuambiwa: anapunguza nini? Mama yule hakusoma zaidi ya darasa la tano. Pale nilipokuwa nimeduwaa alichagua kitenzi kilichonirudisha katika nafasi ya mtenda mbele ya majirani zangu.

Mkopo nilipewa, nami nimeulipa. Naye mama alilipa kwa upande wake: wakulima wawili walihamishia kahawa yao kwa mnunuzi mwingine msimu ule, na mmoja hajarudi. Nilipomwendea kumwomba radhi alinikatiza kwa kuniuliza kama nimekula.

Jumamosi iliyofuata kikao, mzee alipima kahawa katika gunia hadi sindano ikasimama kwenye 16, akalifunga, akanitwika begani. "Twende nalo Nyakalengija," alisema. Nilipumzika mara tatu njiani, na mara ya tatu nililitua chini, nikakaa juu ya jiwe, nikashindwa kusema. Mzee alikaa kando yangu. "Huu ndio uliokuwa ukilala nao," alisema, kisha yeye, mwenye zaidi ya miaka 70, akalibeba gunia lile njia yote iliyobaki.

Siku hizi mwishoni mwa benchi tuko saba. Mwezi uliopita alikuja kijana mmoja mwendesha pikipiki, mnene, ana hofu, akaficha karatasi yake ya vipimo chini ya kofia. Hakutaka kuzungumza na mtu. Jumamosi alitokea mwenyewe nyumbani kwa mama, akazunguka mizani mara mbili kama anayetafuta pa kuingilia. Mama alilamba kidole, akafunua ukurasa mpya wa daftari, akamwuliza jina.

"Andika tu boda," kijana akasema.

"Nitaandika jina," mama akasema, "au shuka."

Alilitaja. Mzee alikuwa ameshainama kutazama sindano.